Gari likaoshwa, uchafu ukahamia kwa jirani: kisa cha teksi iliyotoka Japani

Majina ya watu, kampuni na mji, pamoja na namba ya chesisi, yameondolewa. Vipimo vimeachwa vilivyo kwa sababu ndivyo vyenye somo.

Usuli

Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilipiga pwani ya kaskazini-mashariki ya Japani. Tsunami iliyofuata ilizima jenereta za dharura za kituo cha Fukushima Daiichi, na kiini cha vinu vitatu kikayeyuka. Serikali iliwahamisha watu waliokuwa ndani ya kilomita 20. Siku mbaya zaidi kwa ardhi ya ndani ilikuwa 15 Machi: upepo uligeuka kuelekea kaskazini-magharibi, mvua na theluji zikanyesha, na chembe zilizokuwa hewani zikashuka juu ya mapaa, mashamba, misitu na magari.

Kati ya kilichoshuka, iodini-131 huisha upesi, kwani nusu maisha yake, yaani muda wa nusu yake kutoweka, ni siku 8. Kinachodumu ni seziamu, na ipo ya aina mbili: seziamu-134, yenye nusu maisha ya miaka 2 hivi, na seziamu-137, ya miaka 30. Katika moshi wa Fukushima zilitoka kwa kiasi kinachokaribia kulingana. Jambo hilo dogo ndilo lililokuja kukata mzizi wa fitina katika kisa hiki.

Uganda haina kinu cha umeme wa nyuklia. Kile cha Buyende bado ni mpango. Lakini inanunua magari mengi yaliyotumika Japani, yanayopitia Mombasa na kuingilia Malaba au Busia. Baada ya ajali, bandari za Japani zilianza kupima magari kabla ya kuyapakia melini. Kipimo cha kukubalika kilikuwa chini ya maikrosivati 0.3 kwa saa karibu na bodi, pamoja na mionzi ya asili ya mahali hapo (maikrosivati hupima dozi ya mionzi mwilini; 1,000 ni milisivati moja). Anayejua magari ataona pengo mara moja: kinachopimwa ni bodi ya nje, na vumbi halikai kwenye bodi ya nje. Mvua huliosha. Hukaa pale mvua isipofika.

Gari lenyewe

Lilikuwa basi dogo la kubeba abiria 14, aina ile ile inayoitwa teksi Kampala nzima. Lilifika kwenye bondi (yadi ya magari yanayosubiri ushuru) ya mji mmoja wa mashariki takriban miaka minne baada ya ajali, na cheti chake cha mionzi kilikuwa safi: pointi sita za nje, zote chini ya 0.3. Cheti hakikuwa cha kughushi. Vipimo vya nje vilivyorudiwa Uganda vilikuwa kati ya 0.19 na 0.26, kwa hiyo aliyekisaini huko Japani alisema kweli.

Liligunduliwa kwa bahati. Wakaguzi wawili walikuwa wakifundishwa kutumia kipima mionzi cha mkononi, na mwalimu wao akawaambia wafungue boneti ya gari lolote kwa mazoezi. Kwenye boksi la kichungi cha hewa sindano ilipanda hadi 1.8.

Mfuatano wa mambo

Saa moja ya kwanza ilitumika vizuri. Mwalimu hakukimbilia simu. Alianza na mionzi ya asili ya hapo hapo: 0.09 juu ya lami, 0.11 kwenye murram, 0.16 juu ya rundo la kokoto za granaiti. Upande ule wa nchi hatua hii haikwepeki. Vilima vya Sukulu karibu na Tororo ni mwamba wa karbonatiti wenye fosfeti, ndani yake mna thoriamu na urani za asili, na aliyezoea 0.09 ya lami akisimama juu ya mawe ya aina hiyo atadhani amekumbana na janga. Kisha alibadilisha kipima, wakarudia, na cha pili kikasoma 1.7. Gari likavutwa kona ya mbali ya bondi, likazungushiwa kamba umbali wa mita 3, na ripoti ikatumwa Kampala.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Majibu yalichukua siku tatu. Mnunuzi alikuwa ameshalipa nusu ya bei, ada ya maegesho ilikuwa inahesabika kila siku, na mmoja wa maafisa aliyeulizwa na wafanyakazi kuna nini alijibu kwa neno moja: "Sumu." Kufikia jioni lile lilikuwa gari la bomu. Msimamizi wa bondi, mtu mzima anayeitwa Hajji na kila mtu pale, aliona njia moja tu ya kuzima maneno, nayo ni kuliosha. Siku ya pili asubuhi gari liliendeshwa mita 400 hadi sehemu ya kuoshea magari ya jirani.

Kazi iliyofanyika huko ilikuwa ya kawaida kabisa, na ndiyo maana inafaa kutazamwa kwa karibu. Vijana wawili walipiga maji ya presha chini ya madigadi na kwenye rejeta. Mazulia yalitolewa, yakapigwa kwa mti, yakaanikwa kwenye waya wa uzio. Fundi alifungua boksi la kichungi, akakitoa kichungi, mikunjo yake ya karatasi imejaa vumbi la kijivu, akakigongagonga kwenye tairi kisha akakipuliza kwa kompresa kutoka ndani kwenda nje, kama anavyofanya kwa kila gari. "Hajji, hii ni vumbi tu," alisema, na kwa macho yake alikuwa sahihi. Maji yote yalishuka kwenye shimo la kutulizia tope, na kutoka hapo yakafuata mfereji wa udongo uliopandwa magimbi, unaoishia kwenye bwawa la mafunjo.

Gari liliporudi bondi, bodi ya nje ilisoma 0.17. Wakashangilia. Hakuna aliyepima meza ya fundi.

Siku ya tano ilifika timu ya pili, na hawa walikuja na kifaa kinachotofautisha nishati za miale (hupimwa kwa keV) na kuzichora kama milima kwenye kioo chake. Kwenye kifaa cha aina hiyo chenye fuwele ya sodiamu iodidi, mlima wa seziamu-137 (keV 662) humezana na ule wa seziamu-134 (keV 605), unaona kilima kimoja kipana tu. Ila seziamu-134 ina mlima mwingine kwenye keV 796, unaosimama peke yake. Mlima huo ulikuwepo. Maabara yenye kigunduzi cha fuwele ya jemani (germanium) ilikipima kichungi baadaye: bekereli 5,900 za seziamu-137 na 1,700 za seziamu-134 (bekereli moja ni atomu moja kuvunjika kila sekunde). Uwiano ni 0.29. Ukianza na kiasi sawa, inachukua miaka minne kufika hapo. Uvumi kwamba gari lilibeba vifaa vya hospitali, au kwamba ni mawe ya Tororo, ulikufa siku hiyo: mawe hayana seziamu-134, na chanzo cha kawaida cha seziamu cha hospitalini au kiwandani ni 137 peke yake.

Maamuzi na sababu zake

Kazi ya kwanza ya timu ya pili ilikuwa kuliacha gari na kwenda kwa jirani. Uamuzi huu ulipingwa na karibu kila mtu, na ndio uliokuwa bora kuliko yote. Gari lilikuwa limefungwa, limeegeshwa, halimdhuru mtu. Karakana ilikuwa inafanya kazi, watoto wakipita, na ndoo zile zile zikitumika kuoshea magari mengine.

Walichora miraba ya mita 1 kwa chokaa, wakapita na kigunduzi bapa sentimita 1 juu ya ardhi, polepole, kama sentimita 5 kwa sekunde. Mtu akienda haraka kuliko hapo, doa dogo linampita bila kipima kulia. Miraba 9 kati ya 60 ilikuwa na dalili. Meza ya fundi ilikuwa mbaya kuliko zote, hasa upande ulioelekea mdomo wa kompresa, na chini ya jiriwa kulikuwa na utepe wa vumbi ambao haujawahi kufagiliwa tangu meza iundwe. Mikono, viatu na nywele za wafanyakazi wote watano vilipimwa. Shati moja na jozi moja ya ndala vilichukuliwa, na wenyewe wakapewa vingine palepale. Kitendo hicho kidogo kiliwatuliza watu kuliko maelezo yote yaliyotangulia.

Kisha ikaja hesabu ya afya, ikaelezwa kwa Kiswahili na kurudiwa kwa Luganda. Tuseme fundi alivuta bekereli 100 za seziamu-137, dhana ya juu kwa makusudi. Kwa kutumia kigezo cha tahadhari kwa chembe zisizoyeyuka upesi mapafuni, dozi yake ni maikrosivati 4 hivi. Mtu wa kawaida duniani hupokea wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, hewani, angani na kwenye chakula, ambayo ni zaidi ya maikrosivati 6 kwa siku. Fundi hakuhitaji dawa wala kupelekwa Kampala. Kuna waliotaka apelekwe ili "ionekane tumefanya kitu", na timu ikakataa, kwa sababu mtu akirudi kutoka hospitali ya rufaa na karatasi isiyosema chochote, kijiji humsomea yale kinayoyaogopa.

Kwa dereva wa baadaye hesabu ilikuwa tofauti kidogo. Kiti chake kilisoma 0.21, yaani 0.10 juu ya asili. Mwenye gari la familia angekaa humo saa mbili kwa siku na lisingekuwa neno. Dereva wa teksi anakaa saa 10, siku 310 kwa mwaka: saa 3,100, milisivati 0.31. Bado ni chini ya kikomo cha milisivati 1 kwa mwaka kwa umma, lakini si kitu cha kumwachia mtu bila kumwambia wakati kinaweza kuondolewa kwa siku mbili za kazi. Ikaamuliwa gari lisafishwe upya, safari hii bila mpira wa maji.

Usafishaji wa pili

Turubai la mita 6 kwa 4 lilitandikwa chini ya gari, kingo zimekunjwa juu ya mbao kama beseni. Wafanyakazi wawili, glavu mbili kila mkono, barakoa za vumbi, gamboti. Maji yote yaliyotumika yalikuwa lita 12, ya sabuni ya kawaida ya unga. Vitambaa vilikunjwa mara nne: futa kuelekea upande mmoja, geuza uso safi, futa tena, nyuso zikiisha tupa. Kufuta huku na huku, ambako ndiko mkono uliozoea kuoshea magari, hulisambaza lile lile.

Vitu visivyofutika viling'olewa: kichungi cha hewa na boksi lake, kichungi cha AC, plastiki ya chini ya waipa pamoja na sponji lake, mipira ya milango miwili ya mbele, mazulia. Chini ya ile plastiki ya waipa palikuwa na majani makavu ya miti ya Japani yaliyogeuka udongo mweusi, ujazo wa kikombe cha chai, na kikombe hicho kilibeba mionzi mingi kuliko kichungi. Mtu asiyeifungua plastiki hiyo hajalipima gari. Rejeta ilibadilishwa nzima. Kutu na tope kati ya mapezi yake havitoki bila kuyavunja.

Baada ya kila sehemu, kitambaa kikavu kilifutwa juu ya eneo la sentimita 10 kwa 10 na kupimwa mbali na gari. Mionzi ya asili ilikuwa midundo 42 kwa dakika, kila mdundo ukiwa mwale mmoja ulionaswa na kipima. Kitambaa cha kwanza kutoka ndani ya boksi la kichungi kilitoa 390. Cha mwisho kutoka ukutani mwa injini, 47. Mwishowe kiti cha dereva kilisoma 0.12.

Takataka

Hapa ndipo kisa kizima kilipo. Vitu vya gari vilikuwa kilo 61, vikaingia kwenye mifuko miwili-miwili ya plastiki nzito na kisha kwenye pipa moja la lita 210. Tope la karakana lilijaza magunia manne ya kilo 40. Sampuli ya tabaka la juu la tope ilikuwa na bekereli 640 kwa kilo.

Ni nyingi au kidogo? Inategemea unashika kanuni ipi. Japani ilichora mstari wa takataka maalumu kwenye bekereli 8,000 kwa kilo, na kwa mstari huo tope lingekwenda jaani. Kanuni za kimataifa za kuachilia vitu kwa wingi bila masharti zinaweka 100 kwa kilo kwa seziamu hizi, na kwa hizo halipiti. Kichungi nacho kilikuwa kinyume chake: kwa kilo moja kilizidi mstari wa Japani mara tatu, lakini jumla yake, bekereli 7,600, ilikuwa chini ya 10,000 zinazosamehewa kwa kitu kidogo. Mjadala wa siku mbili ulizunguka hapo. Kilichoumaliza ni hoja ya shambani: pipa lina jumla inayozidi msamaha, na tope liko mita chache kutoka kwenye magimbi ya watu. Vyote vihifadhiwe.

Hoja ya magimbi ilikuwa na uzito kuliko ilivyoonekana. Udongo mwingi wa Fukushima una madini ya mfinyanzi yanayoikamata seziamu katikati ya tabaka zake na kutoiachia. Udongo wetu mwekundu, ulioliwa na mvua kwa muda mrefu, una kaolini nyingi na chuma, na kaolini haishiki seziamu kwa nguvu ile. Mizizi inaweza kuipata kirahisi zaidi, hasa pasipo na potasiamu ya kutosha ya kushindana nayo. Ripoti za Japani zisemazo seziamu haihami udongoni haziwezi kunakiliwa huku kama zilivyo. Sentimita 10 za juu za mfereji zilichotwa kwa urefu wa mita 7, na magimbi ya sehemu hiyo yakang'olewa na kulipwa kwa bei ya soko.

Pendekezo la kulijaza pipa zege lilitolewa na mtu mwenye nia njema. Lilikataliwa. Kilo 61 zingekuwa kilo 400 na ushei, zisizobebeka bila mashine, na siku maabara ikitaka kutenga kisicho na kitu kutoka chenye kitu isingewezekana.

Matokeo

Gari liliruhusiwa baada ya siku 19. Mnunuzi alipewa karatasi yenye vipimo vya kabla na baada, akaisoma, akaomba punguzo, akalipata. Karakana ilifungwa siku 9. Mwenyewe hakuomba gari lile liletwe, hakuambiwa lina nini, na hakulipwa siku hizo; alilipwa magimbi tu, tena kwa kuwa yalikuwa ya mama yake.

Nini kilisaidia, nini kiliharibu

Kupima mionzi ya asili kwanza, na kurudia kwa kipima cha pili, kuliokoa saa nyingi za kelele. Kutafuta seziamu-134 kuliokoa zaidi: bila mlima wa keV 796 kesi ingebaki ya kubishana juu ya chanzo. Hata hivyo dirisha hilo limeshafungwa. Miaka kumi baada ya ajali uwiano ule ulikuwa umeshuka hadi karibu 0.04, na kifaa cha mkononi hakiuoni tena.

Kosa kubwa halikuwa la Hajji, ingawa wengi walimtupia yeye. Mtu aliyeambiwa ana sumu bondini, asipewe karatasi wala tarehe, ataosha. Siku tatu za kimya zilikuwa amri ya kuosha iliyotolewa bila maneno. Ripoti ya kwanza ilipaswa kuwa na sentensi moja iliyoandikwa na kubandikwa kwenye kioo: gari hili lisioshwe, lisifunguliwe, lisiwashwe. Kamba ilizuia watu kulikaribia gari. Haikumzuia mwenye ufunguo.

Kosa la pili ni lile neno. Aliyesema "vumbi lenye mionzi" angekuwa amesema kweli na pia ametoa maelekezo, kwa sababu kila fundi anajua vumbi linaruka likipulizwa. Sumu haimwambii mtu afanye nini.

La tatu, kipimo cha 0.17 baada ya kuoshwa kilichukuliwa kuwa mafanikio, kumbe hakikuwa na maana yoyote peke yake. Uchafu wa mionzi hauuawi na sabuni. Kila kilichopungua kwenye gari kilikuwa kimeongezeka mahali, na swali la kuuliza lilikuwa wapi. Japani yenyewe ilijifunza hilo kwa kipimo cha kutisha. Usafishaji wa mashamba, nyua na mapaa ulizaa mita za ujazo milioni 14 hivi za udongo na takataka, zikakusanywa kwenye hifadhi ya muda inayozunguka kituo, katika miji ya Okuma na Futaba, na sheria inataka ziondolewe nje ya mkoa wa Fukushima kufikia 2045. Kwa pipa moja na magunia manne swali ni lile lile.

Jibu lake huku lilikuwa chumba cha matofali chenye mlango wa chuma, ndani ya eneo lenye ulinzi. Pipa linasoma 0.4 ukiligusa na halitofautiani na ukuta ukisimama mita 2. Hukaguliwa kila miezi sita: kutu, mifuniko, kipimo, sahihi. Ukaguzi wa kwanza ulikuta lebo ya karatasi imeliwa na mchwa. Sasa maandishi ni ya rangi ya mafuta, kwa Kiingereza, Kiswahili na Luganda, pamoja na tarehe, kwa sababu nusu ya seziamu-137 iliyomo bado itakuwepo miaka 30 ijayo, na atakayeshika ufunguo siku hiyo leo huenda bado yuko shule ya msingi.